Slaida pekee haijengi paa: wafundisheni vijana orodha kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na walimu wanaofundisha uchoraji wa majengo kwa kompyuta huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, pamoja na wenye ofisi wanaowaajiri vijana wakishahitimu. Vijana wanatoka vyuoni wakijua sana kuvuta slaida, vile vitufe vya kwenye skrini vinavyobadilisha mchoro. Orodha hawaijui. Na mimi ninayepokea michoro yao ili igeuke mbao, slaida zao hazinifikii. Kinachonifikia ni orodha.

Nina karakana ya kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba paa, hapa Uyole. Mbao zetu nyingi ni paini kutoka Mafinga, zinashushwa na maroli yanayopita barabara kuu ya kwenda Tunduma. Zamani mteja alikuja na ramani ya karatasi, fundi akaisoma, akapima, akatengeneza kenchi moja chini kwenye uwanja, na nyingine zote zikakatwa kwa kuifuata ile ya kwanza. Siku hizi mteja anakuja na fleshi, au kijana wa ofisini anatuma faili kwenye simu, na ndani yake kuna mchoro uliotengenezwa kwa Grasshopper. Nilijifunza programu hiyo kwa sababu hiyo, ili nisitegemee picha tu. Naitumia, naipenda, na ninayosema hapa nayasema kwa kuipenda.

Kwa msomaji asiyeifahamu: Grasshopper inafanya kazi ndani ya Rhinoceros, programu ya kampuni ya McNeel ya Seattle, Marekani. Aliyeitengeneza ni David Rutten, na ilipotoka mara ya kwanza mwaka 2007 iliitwa Explicit History. Tangu toleo la 6 la Rhinoceros, la mwaka 2018, inakuja humo humo bila kuongeza kitu. Humo huchori mstari mmoja mmoja kwa mkono. Unapanga vijisanduku juu ya uwanja mweupe, unaviunganisha kwa nyaya, na kila kijisanduku kinafanya kazi moja: hiki kinapanga nukta, kile kinavuta mstari, kingine kinapima urefu. Slaida ni kijia chenye kitufe. Ukikivuta kwenda kulia namba inapanda, kushoto inashuka, na jengo lote linabadilika mbele ya macho yako. Orodha ni ule mfululizo wa vitu unaopita ndani ya nyaya: nukta 21, mistari 42, urefu 42. Huuoni mpaka uunganishe kile kibao cha njano kiitwacho Panel, ambacho kinakuandikia kila kitu kwa namba yake.

Naelewa kwa nini slaida inapendwa. Mteja ameketi pembeni, kijana anavuta, paa linainuka na kushuka, mteja anafurahi. Hakuna mteja aliyewahi kufurahia kibao cha njano chenye safu ya namba. Lakini fundi wangu hawezi kukata mbao kwa kuangalia paa linavyoinuka. Anataka aambiwe: mbao ngapi, za urefu gani, ipi inakwenda wapi.

Nieleze kazi moja, maana humo ndimo jambo lenyewe linapoonekana.

Ilikuwa ghala la viazi mviringo, la upande wa Uporoto. Urefu mita 24, upana mita 5.8, upenu sentimita 60 kila upande, kwa hiyo paa lote lina upana wa mita 7. Kenchi zikae kila baada ya mita 1.2. Ofisi iliyochora (sitaitaja, na aliyechora ni kijana mwenye bidii) ilinitumia mchoro pamoja na orodha ya mbao iliyotolewa moja kwa moja kutoka kwenye programu. Mchoro ulikuwa mzuri. Ukiutazama kwa upande wa mbele, huoni kasoro.

Aliyeona ni mzee wetu wa karakana, fundi aliyekata kenchi tangu kabla sijaweza kushika msumeno. Alikuwa anasoma orodha kwenye karatasi, kidole kikishuka mstari kwa mstari, kisha akaniita.

"Mama, hizi mbili mbona ndefu?"

Mbao za mteremko zilikuwa 42, mbili kwa kila kenchi. Arobaini zilikuwa na urefu wa mita 3.64. Mbili za mwisho kabisa zilikuwa na mita 3.83. Kwenye paa lililonyooka, lenye upana uleule kutoka mwanzo hadi mwisho, hakuna sababu yoyote ya mbao mbili kuwa ndefu kuliko wenzake.

Nikafungua faili. Kijana alikuwa na slaida moja nzuri, iliyokaa kwenye 20, kwa sababu mita 24 ukizigawa kwa 1.2 unapata 20. Kutoka kwenye slaida hiyo alipitisha nyaya mbili. Waya mmoja ulikwenda kwenye kijisanduku kinachoitwa Range, kilichopanga nukta za chini, zile za ncha za upenu. Wa pili ulikwenda kwenye kile kinachoitwa Series, kilichopanga nukta za juu, za mgongo wa paa. Slaida moja, namba moja, basi mtu anadhani kila kitu kitalingana.

Hakilingani. Range ikiambiwa 20 inahesabu nafasi, na nafasi 20 zina nukta 21 ukihesabu ncha zote mbili. Series ikiambiwa 20 inahesabu vitu vyenyewe, inakupa 20 na kusimama. Kwa hiyo chini kulikuwa na nukta 21, kutoka 0 hadi mita 24, na juu kulikuwa na 20, kutoka 0 hadi mita 22.8. Fundi yeyote aliyewahi kujenga uzio anajua kwamba nguzo huzidi nafasi kwa moja. Lakini kijana hakufundishwa kwamba vijisanduku hivi viwili vinahesabu vitu viwili tofauti.

Sasa angalia programu ilifanya nini. Grasshopper ikipewa orodha mbili zisizolingana, haikatai. Inaoanisha kitu cha kwanza na cha kwanza, cha pili na cha pili, na orodha fupi ikiisha, inarudia kile cha mwisho mpaka ndefu nayo iishe. Nukta ya chini ya 21 ilikosa mwenzake, ikaunganishwa na nukta ya juu ya 20. Kenchi ya mwisho ikalala nyuma kwa mita 1.2, ikiegemea kilele cha jirani yake. Hapo ndipo zilipotoka zile mita 3.83. Na vijisanduku vyote vilibaki rangi ya kijivu. Kikiwa cha chungwa ni onyo, kikiwa chekundu ni kosa. Hapa hapakuwa na onyo wala kosa, maana kwa programu kila kitu kilikwenda kama ilivyoagizwa.

Ninachotaka walimu wakione ni hiki: kuvuta slaida kusingefichua jambo hilo kamwe. Ukiivuta iwe 25, nafasi kati ya kenchi nazo zikifuata namba hiyo, unapata kenchi 25 zilizonyooka na moja iliyolala. Ukiishusha iwe 10, hivyo hivyo. Paa linacheza vizuri kwenye skrini na kasoro inacheza nalo. Kilichohitajika ni Panel mbili tu, moja kwa kila orodha, na jicho la mtu aliyezoea kuuliza orodha hii ina vitu vingapi kabla hajaiunganisha na nyingine. Kuna hata kijisanduku cha kuhesabu, kinakupa urefu wa orodha kwa namba moja. Ninapofungua faili ya mtu, nakiweka hicho kwanza kila penye makutano.

Na jambo hili halihusu programu moja. Ofisi nyingine zinatumia Dynamo, inayofanya kazi pamoja na Revit, programu ya kuchora majengo ya Autodesk. Dynamo ukiiacha ilivyo hufuata orodha fupi: ingeunganisha jozi 20, ile ya 21 ikaiacha. Ghala lilelile lingenifikia likiwa na kenchi 20, na ukuta wa mwisho bila paa. Kijana aliyejifunza slaida tu atahama kutoka programu moja kwenda nyingine akidhani zinafanana kwa sababu vitufe vinafanana. Aliyejifunza orodha atauliza kwanza: humu, orodha zikipishana urefu, kinafuatwa kipi? Ndefu, fupi, au kila kimoja na kila kimoja? Hiyo ya tatu nayo ipo. Ukioanisha nukta 21 na nukta 21 kwa mtindo huo unapata mistari 441, na kompyuta ndogo ya ofisini inaanza kuhema.

Kuna suala la kuhesabu kuanzia sifuri. Kwenye orodha ya vitu 21, cha kwanza ni namba 0 na cha mwisho ni namba 20. Fundi anahesabu kuanzia moja, na hakuna sababu ya kumbadilisha. Kinachonisumbua ni tabia ya kijisanduku cha kuchagua kitu kimoja kutoka kwenye orodha, List Item. Ukikiomba kitu namba 21 kwenye orodha hiyo, namba ambayo haipo, hakikuambii haipo. Kinazunguka kurudi mwanzo na kukupa namba 0. Umeomba kenchi ya mwisho, umepewa ya kwanza, na kwenye jengo lililonyooka zinafanana kiasi kwamba hutatambua. Tabia hiyo ina swichi yake, nayo huja ikiwa imewashwa. Ikizimwa, ukipitiliza hurudishwi tena mwanzo. Mwalimu akitumia kipindi kimoja kuwaonyesha wanafunzi swichi hiyo, atakuwa amewapa kitu cha kufaa maishani mwao kazini kuliko mapaa kumi ya mawimbi.

Sisi karakana tumelimaliza suala la sifuri hivi: alama zinazoandikwa kwenye mbao hazitoki kwenye namba za programu. Tunatengeneza orodha nyingine inayoanza na 1, tunaiunganisha na herufi, na ndiyo inayochapwa. Kenchi ya kwanza ni K1, ya mwisho ni K21. Fundi anaandika hivyo kwa penseli nene kwenye mbao, na anayezipandisha juu ya ukuta anasoma hivyo hivyo.

Sasa nirudi kwenye slaida, kwa sababu siisemi vibaya. Slaida ni chombo kizuri ikiwa ina mipaka yenye sababu. Slaida mpya ukiiweka inakuja ikiwa kati ya 0 na 1. Kijana anabonyeza, anaongeza, anaweka 0 hadi 100 ili apate nafasi ya kucheza. Ni nani amesema paa la Mbeya linaweza kuwa na mteremko wa digrii 100? Au upenu wa sifuri? Mipaka ya slaida ndiyo mahali ambapo mchoraji anaonyesha kama anaijua kazi, maana kati ya mipaka hiyo miwili ameahidi kwamba kila namba inajengeka.

Kwenye ghala letu hilo hilo, slaida ya mteremko ilikuwa imekaa kwenye digrii 16. Mbao tunayotumia ni mbili kwa nne, ya futi 12, yaani mita 3.66 hivi. Kutoka mgongo hadi ncha ya upenu kwa mlalo ni mita 3.5. Kwa digrii 16 mstari kwenye skrini una urefu wa mita 3.64, na 3.64 iko ndani ya 3.66. Ukisogeza slaida hadi 17 unapata 3.66, unapitiliza kwa kama milimita mbili, kwa hiyo mchoraji akaona 16 ndiyo kikomo, akaridhika. Alifikiri vizuri. Lakini mstari wa kompyuta hauna unene, na mbao ina inchi nne. Ncha zote mbili zinakatwa wima, ya juu ikutane na mwenzake kileleni, ya chini ipokee fishabodi, ule ubao unaofunika ncha za upenu. Mkato huo wa mshazari unakula karibu sentimita tatu zaidi kwenye mbao. Kwa hiyo digrii 16 inataka mbao ya mita 3.67, na hiyo hatuna. Digrii 15 inataka mita 3.65, na hiyo tunayo, inabaki chini ya sentimita moja.

Tofauti ya digrii moja. Mvua haiijui, mteja haioni akisimama barabarani. Lakini kwa digrii 15 kila mbao ya mteremko ni mbao moja nzima, na kwa digrii 16 mbao zote 42 zinahitaji kiungo, bati za kushikia, misumari na mikono ya ziada, au mteja anunue mbao ndefu ambazo itabidi aziagize. Kikomo cha juu cha slaida ile kilitakiwa kiwe 15, na sababu yake iandikwe pembeni: mbao ya futi 12. Programu inaruhusu kuandika maelezo pale pale juu ya uwanja. Hakuna anayeandika.

Tulishusha hadi 15 baada ya kuongea na ofisi, na nawashukuru kwa kunisikiliza. Slaida ikavutwa, na orodha nzima ikajiandika upya papo hapo, mbao 42 za mita 3.62 kwa mstari wa skrini, pamoja na nguzo za kati na za mshazari. Kazi ambayo zamani ingetuchukua jioni nzima kwa daftari na kikokotoo. Hapo ndipo utamu wa programu hizi ulipo, nami nausifu bila kusita: slaida yenye mipaka ya kweli, inayoendesha orodha iliyokaguliwa.

Tena, kuna mahali ambapo slaida haifai kabisa. Upana wa mbao hauendi kidogo kidogo. Yadi inauza mbili kwa nne, mbili kwa sita, mbili kwa nane. Haiuzi mbili kwa tano na robo. Geji ya bati ni 28 au 30, haiwi 28.7. Vitu vya namna hiyo viwekewe orodha ya kuchagua, ile inayofunguka ukiibonyeza, yenye vile tu vinavyouzwa. Kipo kijisanduku cha kazi hiyo kwenye Grasshopper. Mchoraji akienda yadi asubuhi moja na kuandika vipimo vilivyopo, ameshajenga nusu ya mchoro wake. Nasema hivi kwa sababu kuna chombo humo humo kinaitwa Galapagos, nacho kazi ya Rutten, ambacho kinazivuta slaida chenyewe kutafuta jibu bora, tuseme mbao chache au kivuli kingi. Vijana wanakipenda. Lakini kinatafuta ndani ya mipaka uliyokipa tu. Ukikipa mbao ambayo haipo duniani, kitakuchagulia hiyo, na kitasema ndiyo bora.

Mipaka nayo haiwi ileile kila wilaya. Tukuyu, wilayani Rungwe, inapata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Mbeya mjini haifikii nusu yake, na Iringa ni pungufu zaidi. Upenu wa sentimita 40 unaotosha kule Ipogolo ya Iringa, kwa Rungwe utaacha matofali ya kuchoma yakilowa msimu mzima. Kwa hiyo slaida ya upenu kwa kazi ya Rungwe ningeianzisha kwenye 60 na kwenda juu, isiruhusu chini ya hapo hata mtu akivuta kwa bahati mbaya. Hayo hayamo kwenye mafunzo ya video yanayotoka nje, wala hatuwezi kuwalaumu waliotengeneza. Ni kazi ya walimu wetu kuyaweka.

Kuhusu matundu ya hewa kwenye kuta za ghala nitasema kwa kifupi tu. Viazi vinataka hewa lakini havitaki mwanga, maana vikipigwa na mwanga vinageuka kijani na kuwa na sumu. Kijana alipanga matundu kwa kuruka matofali: moja linatoka, mawili yanabaki, na mpangilio unajirudia hadi mwisho wa mstari, na mstari wa juu yake ukasogezwa kwa tofali moja ili matundu yasipangane. Yote hayo yamefanywa kwa orodha, bila slaida hata moja. Ilikuwa sehemu bora ya mchoro wake, na nilimwambia.

Jambo la mwisho kwenye orodha ni matawi. Grasshopper haihifadhi vitu kwa safu moja ndefu peke yake. Inaweza kuvigawa katika matawi, kila tawi na vitu vyake. Hata nyaya zinakuonyesha: mstari mmoja ni kitu kimoja, mistari miwili ni orodha, mistari miwili ya vipande vipande ni matawi. Kwa kenchi hili ni jambo kubwa. Kenchi 21, kila moja ikiwa na vipande vyake saba, inafaa ziwe matawi 21 yenye vitu saba saba, kwa sababu fundi anafunga mbao kwa kenchi, mafungu 21 kwenye uwanja. Lakini vijana wamezoea kwamba mambo yakigoma, wanabonyeza Flatten. Matawi yote yanalazwa, inabaki safu moja ya vipande 147, na programu inaacha kulalamika. Mchoro unatokea sawasawa. Orodha inayochapwa ndiyo imekufa: vipande 147 na hakuna anayejua kipi ni cha kenchi ipi. Namba za urefu zipo zote, sahihi, na hazina faida kwetu. Nimeshapokea orodha ya namna hiyo ya jengo ambalo kenchi zake hazifanani, zile za pembeni zikiwa fupi kuliko za katikati. Tuliirudisha.

Mwanafunzi afundishwe kulaza matawi pale tu anapoweza kueleza kwa maneno anapoteza nini. Na afundishwe kuyaongeza pale anapotaka kila kitu kiwe na tawi lake. Hayo ni mazoezi ya wiki chache. Nayataka yatangulie, kabla ya paa la mawimbi, kabla ya ukuta unaojipinda.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, Mhariri, na naomba yawafikie wahusika.

Walimu, anzeni na kibao cha njano. Mwanafunzi aandike kwanza kwa mkono, kwenye karatasi, anachotarajia kukiona ndani yake, kisha aunganishe na alinganishe. Mpeni orodha mbili zisizolingana kwa makusudi, aeleze programu itafanya nini kabla hajabonyeza. Gharama isiwe kisingizio: Rhinoceros inaruhusu kujaribu siku 90 bila kulipa, na Blender, programu nyingine ya kuchora maumbo, ni ya bure kabisa na ina mfumo wake wa vijisanduku na nyaya. Chuo kisicho na leseni bado kinaweza kufundisha fikra hii.

Wenye ofisi, mchoro usitoke bila orodha ya mbao iliyogawanywa kwa kenchi na bila karatasi moja inayotaja kila slaida, mwanzo wake, mwisho wake, na sababu. Mkituma faili, acheni slaida ndani yake zikiwa zimefungwa kwenye mipaka hiyo. Kabla ya kutuma, mtu mwingine ambaye hakuchora ahesabu orodha. Kazi hiyo haichukui muda mrefu, na roli la mbao likishashusha hapa Uyole halirudi Mafinga bure.

Wateja, mnaolipa yote haya, mkionyeshwa paa linalopanda na kushuka kwenye skrini, ombeni pia kuonyeshwa orodha. Hata kama hamuielewi, ombeni. Anayeielewa atawaonyesha kwa furaha.

Kwa wanafunzi wenyewe, binti na vijana, wa Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe: karakana iko wazi Jumamosi asubuhi. Njoo na faili yako kwenye kompyuta na futi kamba mfukoni. Tutaifungua pamoja, tutachapa orodha, na mzee ataisoma mstari kwa mstari kwa kidole chake, kisha tutakata kenchi moja ya namba 1 na moja ya namba ya mwisho, tuzilaze chini tuone kama zinalingana.

Wako,
Mwenye karakana ya kenchi,
Uyole, Mbeya